Binti mfalme wa sayari ya mbali mwenye hasira za karibu: mwongozo kamili wa kumchora katika manga ya kurasa 16

Miezi ya karibuni nimeletewa kurasa nyingi za manga, yaani hadithi za picha za mtindo wa Kijapani, na wachoraji wanaoanza, na kosa ni lile lile. Binti mfalme anashuka na chombo chake, mlango unafunguka, anafoka. Ukurasa wa pili anafoka. Ukurasa wa tano kijana ametupwa ukutani, na binti bado anafoka. Mistari imenyooka, macho yanang'aa, lakini msomaji hacheki wala hajali kama hawa wawili watapendana.

Tatizo haliko mkononi. Hasira ya huyu binti haina chanzo, na hasira isiyo na chanzo ni kelele tu. Mhusika wa namna hii anahitaji sheria ya kwao, sheria anayoiheshimu kwa moyo wote na ambayo kijana haijui. Ukishaipata, vichekesho vinakuja vyenyewe na mapenzi yanafuata nyuma. Ndiyo maana hatua tatu za mwanzo hapa chini hazihitaji penseli nzuri.

Nitatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho ili uone kila hatua inavyoingia katika nyingine. Usiuchukue mfano wenyewe. Chukua njia.

## Vifaa

Viweke mezani vyote kabla ya kuanza. Ukiinuka katikati ya kazi kutafuta rula, mkono unapoa.

- Daftari la mistari, la kuandikia hadithi.
- Karatasi 20 za A4 nene, gramu 120 au zaidi. Wachoraji wa Japani hutumia B4, milimita 257 kwa 364, kwa sababu gazeti la manga huchapwa kwa B5 na mchoro ukipunguzwa mistari hukazana. Wewe chora kwenye A4 upunguze hadi A5, utapata faida hiyo hiyo.
- Penseli ya HB na penseli ya bluu hafifu.
- Raba laini, ile isiyochubua karatasi.
- Rula ya sentimita 30.
- Kalamu za wino mweusi usioyeyuka kwa maji: 0.1, 0.3, 0.5 na 0.8. Ukipata nibu ya G, ile ncha ya chuma ya kuchovya, na wino wa chupa, vizuri zaidi. Nibu hiyo hunenepesha mstari ukikandamiza na kuukondesha ukilegeza, na hasira inaupenda sana mstari wa aina hiyo.
- Brashi ndogo au kalamu ya brashi ya kujazia weusi.
- Rangi nyeupe au wino wa kufutia.
- Skana, au simu yenye kamera nzuri na mwanga wa dirishani.
- Programu ya kuchorea kama Krita, MediBang au ibisPaint, kwa ajili ya toni (madoa ya kijivu) na maandishi. Si lazima mwanzoni.

Karatasi nne za ziada ni za kuharibu. Utaziharibu, na ni halali yake.

## Hatua ya 1: Andika sheria ya kwao

Chukua daftari. Andika sentensi moja inayoanza na "Kwao, mtu akifanya hivi, maana yake ni hivi." Kitendo kiwe kidogo, kitu ambacho binadamu hukifanya bila kufikiri. Maana yake kwao iwe nzito.

Tazama mfano mkubwa kuliko yote, Lum, binti kutoka sayari nyingine aliyechorwa na Rumiko Takahashi katika Urusei Yatsura, manga iliyotoka kuanzia 1978 hadi 1987. Katika sura ya kwanza, hatima ya dunia inategemea mchezo wa kukimbizana. Ataru, kijana wa shule, anatakiwa ashike pembe za Lum ndani ya siku kumi. Msichana wake, Shinobu, amemwahidi kuolewa naye akishinda. Siku ya mwisho Ataru anashinda na kupaza sauti kwa furaha kwamba sasa ataoa. Lum anaamini ameposwa yeye. Kuanzia pale, kila anapomkuta Ataru akikimbiza wasichana wengine, Lum hakasiriki kama jini lililochokozwa. Anakasirika kama mke. Takahashi alikuwa amempanga kwa sura ile ya kwanza tu, lakini binti aliyeamini ameposwa hawezi kuachwa njiani, na alirudi akawa moyo wa hadithi nzima.

Mfano wetu ni huu. Binti anaitwa Nuriza. Kwao kuna majua mawili, kwa hiyo kila mtu ana vivuli viwili: kimoja chake, kingine cha ukoo. Kwao, ukikanyaga kivuli cha mtu umeapa kumlinda maisha yako yote. Amekuja duniani kwenye jua moja, amebakiwa na kivuli kimoja tu, na hapa kila mtu anakanyaga kivuli cha kila mtu.

Umeona kazi inavyorahisika? Sasa nenda naye sokoni saa kumi na moja jioni, vivuli vikiwa virefu. Ndani ya dakika tano watu ishirini wameapa kumlinda. Na wote wanaondoka zao.

Kwa nini: hapa ndipo hasira inapopata haki. Nuriza hafoki kwa sababu ana tabia mbaya. Anafoka kwa sababu anaona watu wakivunja kiapo mbele ya macho yake, mmoja baada ya mwingine. Ndani ya hasira yake kuna kuumia, na msomaji atakuja kuona hilo baadaye.

Angalizo: usiandike sheria mbili. Sheria mbili zinahitaji maelezo, na maelezo yanaua kichekesho.

Utajua umefaulu pale utakapomsimulia rafiki sheria hiyo kwa sentensi moja naye akaanza kukupa visa: "Je, akienda msikitini? Je, akipanda daladala?" Akinyamaza, andika nyingine.

## Hatua ya 2: Mpe kijana kosa la kweli

Wengi wanamfanya kijana kuwa gunia la kupigwa. Matokeo yake binti anaonekana mkatili na kijana anaonekana bwege. Kijana naye awe na jambo analolilinda.

Wetu ni Kombo, fundi simu mwenye meza yake kando ya barabara Tanga. Ameinama kutafuta skrubu iliyomdondoka, saa sita mchana. Ukanda wetu, kuelekea Machi na Oktoba, jua la saa sita huwa karibu utosini na kivuli hubaki miguuni pa mwenyewe. Kwa hiyo ili ukanyage kivuli cha mtu saa hiyo lazima umsogelee hasa. Kombo anamsogelea, skrubu iko karibu na kidole cha Nuriza, anakanyaga. Kiapo cha kwanza duniani kimeapwa na mtu aliyekuwa akitafuta skrubu.

Kosa la kweli la Kombo si kukanyaga. Ni kwamba ana desturi ya kukubali kila kitu ili mteja aondoke: "Sawa dada, itakuwa tayari kesho." Nuriza anamuuliza kama ameapa, naye anajibu, "Sawa dada, nimeapa." Ana simu nne mezani na hakusikiliza. Hilo ndilo litakalomrudia.

Wote wawili wafanye watu wazima, na lionekane hivyo kwenye mwili na mavazi. Hii ni hadithi ya mapenzi, hapa sina mjadala.

## Hatua ya 3: Panga ngazi za hasira

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nenda taratibu.

Kiswahili chetu kina maneno mengi ya hasira, na kila neno lina uso wake. Chora mistari mitano kwenye karatasi, kila mstari vichwa vitatu: mbele, ubavu, robo tatu. Jaza hivi:

Kukunja uso. Nyusi peke yake. Zishushe kuelekea puani, mdomo uache ulivyo. Usichore alama nyingine yoyote.

Kununa. Midomo inabetuka, shavu linavimba upande mmoja, macho yanatazama pembeni. Kope la chini linapanda kidogo, na hapo ndipo siri ilipo: ukilisahau, binti ataonekana ana usingizi.

Kusonya. Mdomo umebanwa upande mmoja, jino moja linaonekana, kidevu kimeinuka. Msomaji wako ameusikia msonyo tangu utotoni, ataujua bila maandishi. Ukitaka sauti, andika "Mfyuu" kwa herufi ndogo karibu na shavu.

Kufoka. Mdomo wazi hadi uonekane ulimi, mboni zimekuwa nukta, nywele zimeinuka kuanzia kwenye mizizi. Hapa tumia alama ya mshipa, ile mikunjo minne inayotazamana kwenye paji la uso. Hapa pia unaweza kumgeuza mwili mdogo wenye kichwa kikubwa, kwa sababu uso wa kitoto humwambia msomaji kwamba hatari haipo na aruhusiwe kucheka.

Kunyamaza. Hii ndiyo ngazi ya juu kabisa. Uso unalegea. Nyusi zinanyooka. Ile nukta nyeupe ya nuru ndani ya jicho unaiondoa, unajaza weusi. Mwili unarudi kwenye vipimo vyake halisi, hakuna alama, hakuna mistari ya mwendo. Mama yako alipokuwa akigomba ulijua mambo yatapita. Aliponyamaza ulijua umeharibu.

Sasa weka bajeti. Katika kurasa 16, kufoka kuwe mara mbili, tatu kwa shida sana. Kunyamaza mara moja tu. Zilizobaki zote ni kukunja uso, kununa na kusonya, na ndizo zitakazombeba.

Kwa nini: msomaji huzoea kelele haraka. Ukianza na ngazi ya nne, huna pa kupanda.

Angalizo: wapenzi wa anime wanajua neno tsundere, mhusika anayejifanya mkali huku moyo ukilainika. Wengi wanadhani ni swichi ya taa, mkali halafu ghafla laini. Ulaini uuweke ndani ya ukali ule ule. Nuriza anaponuna, mkono wake ubaki umeshika ukingo wa meza ya Kombo. Uso unasema ondoka, mkono unasema kaa.

Utajua umefaulu ukifunika midomo yote kwa kipande cha karatasi, na mtu mwingine bado akaweza kukutajia kila ngazi kwa kutazama macho na nyusi.

## Hatua ya 4: Umbo linalojulikana kwa weusi mtupu

Lum ana pembe na mavazi ya milia ya chui milia kwa sababu yeye ni oni, zimwi la hadithi za Kijapani. Kwa Wajapani, upande wa kaskazini mashariki ndio mlango wa mazimwi hayo, na katika mzunguko wao wa wanyama upande huo ni wa ng'ombe na chui milia. Ndipo zilipotoka pembe za ng'ombe na ngozi ya chui milia. Kwa hiyo hata vazi lake lina mantiki inayotoka kwao.

Vazi la binti wako nalo litokane na sheria yake. Usimwazime Lum pembe. Nuriza analinda kivuli chake, basi vazi lake limekatwa ili kivuli kiwe na umbo zuri: mabega yenye ncha, upindo mrefu nyuma, nywele zilizosukwa juu kama taji. Na kivuli chenyewe kijaze weusi mtupu kila mahali kinapotokea, wakati vivuli vya watu wengine unavichora kwa mistari hafifu. Ukurasa mzima utakuwa ukimwambia msomaji kipi kina thamani.

Jaribio ni moja. Mchore, mjaze weusi wote, msogeze mita mbili. Kama hujui anatazama upande gani, rudia nywele.

## Hatua ya 5: Mpe lugha yake

Lum husema kwa namna yake, na miisho ya sentensi ambayo Mjapani akiisikia anajua ni nani bila kutazama picha. Wachoraji wetu wakijaribu hilo humpa mgeni Kiswahili kibovu. Inachosha baada ya viputo vitatu vya maneno, na inamshushia hadhi mtu ambaye ni binti mfalme.

Tumia ngeli. Nuriza anasema Kiswahili safi kuliko Kombo, ila binadamu wote anawaweka katika KI-VI. Kila jioni anaongea na mama yake kupitia kito cha shingoni:

"Mama Malkia, kile kijana kimeapa halafu kimerudi kuchokonoa simu."

Msomaji anacheka mara moja, kwa sababu anajua mtu akisemwa hivyo amedunishwa. Na neno kijana lenyewe linaanza na ki-, kwa hiyo binti ana kisingizio. Kisha ukurasa wa 15 unaandika hivi:

"Mama Malkia, yule kijana amerudi."

Kwisha. Hakuna aliyesema nakupenda. Hakuna moyo uliochorwa. Ngeli imebadilika, na msomaji atarudi kuisoma tena kuhakikisha ameona sawa.

Angalizo: pitia kila kiputo kabla ya wino. Ukikosea ngeli moja ukurasa wa 8, umeua ukurasa wa 15. Zungushia kila kiambishi kwa penseli ya bluu uhakikishe.

Kombo naye aongee kama fundi wa mtaani anavyoongea: dada, samahani dada yangu, subiri kidogo. Akianza kumwita Nuriza kwa jina, iwe ni tukio.

## Hatua ya 6: Nemu

Wajapani huita nemu ule mchoro wa haraka wa kitabu kizima kabla ya kazi yenyewe. Chukua karatasi nne za A4 za kawaida, mbali na zile 20 nene, zikunje katikati, zichomeke moja ndani ya nyingine upate kijitabu cha kurasa 16. Chora watu wa vijiti na viputo vyenye maneno kamili. Fanya siku moja, usirembe.

Kwanza amua upande wa kusoma. Manga ya Kijapani husomwa kutoka kulia. Ushauri wangu, kama msomaji wako ni wa Kiswahili na kitabu ni chako, panga kutoka kushoto. Jicho la msomaji lishughulike na Nuriza, lisishughulike na kutafuta kisanduku kinachofuata.

Kwa vyovyote utakavyoamua, msomaji anafungua ukurasa baada ya namba witiri: baada ya 3, 5, 7, 9. Kwa hiyo chochote cha kushtua kiweke juu ya ukurasa wa namba shufwa, na kisanduku cha mwisho cha ukurasa wa witiri kimwache na swali. Hili peke yake litaboresha kazi yako kuliko nibu yoyote utakayonunua.

Mgawanyo wetu: kurasa 1 hadi 3, Nuriza anatua na Kombo anakanyaga. 4 hadi 8, anahamia mezani kwa Kombo kusubiri alindwe, na wateja wanaanza kukimbia. 9 na 10, soko. 11 hadi 14, Kombo anamweleza ukweli kwamba huku kivuli si kitu, na Nuriza ananyamaza. 15 na 16, usiku.

Utajua umefaulu ukimpa mtu kijitabu hicho cha vijiti, ukakaa kimya, naye akacheka mahali ulipopanga acheke. Akiuliza "huyu ni nani?" ongeza kisanduku. Usimweleze kwa mdomo, kwa sababu hutakuwepo wasomaji wengine watakaposoma.

## Hatua ya 7: Ukurasa wa mlipuko, kisanduku kwa kisanduku

Tuchukue ukurasa wa 9 na wa 10.

Ukurasa wa 9, kisanduku cha kwanza ni kipana. Soko, saa kumi na moja jioni, jua liko nyuma ya vibanda. Vivuli vyote vinalala upande mmoja. Chora mshale wa penseli pembeni ya karatasi kuonyesha jua liko wapi, usiufute mpaka ukurasa uishe.

Cha pili, Nuriza ameshika embe, anasikiliza bei. Kivuli chake kinatoka nje ya kisanduku, kinavuka ule mwanya mweupe na kuingia kisanduku cha tatu.

Cha tatu, ardhi tu. Ncha ya kivuli, maganda ya machungwa, na gurudumu la mkokoteni linakaribia.

Cha nne, vidole vya Nuriza juu ya embe. Vimesimama. Kucha moja imezama kwenye ganda.

Cha tano kidogo kabisa, pembeni chini: kandambili imetua juu ya weusi. Sauti moja, "Pa." Hakuna uso wa mtu yeyote.

Msomaji anafungua. Ukurasa wa 10, juu kabisa, kisanduku chembamba, soko zima limegeuka kutazama. Herufi tatu za "jii" ndogo, katikati ya nafasi tupu. Kisha kisanduku kinachochukua ukurasa wote uliobaki: Nuriza ameinua mkokoteni kwa mkono mmoja, viazi vinamwagika, mistari inakimbilia usoni pake kutoka pande zote, kiputo kina miiba: "UMEAPA! SASA UNAKWENDA WAPI?" Na chini, kwenye kona, mchukuzi mwenye kilemba cha taulo, kiputo cha mviringo, maandishi madogo: "Dada yangu, mimi napeleka viazi."

Usikifute kile kisanduku cha kimya ili upate nafasi. Nimeona wengi wakifanya hivyo. Bila kimya, mlipuko ni picha kubwa tu.

## Hatua ya 8: Penseli, halafu wino

Piga fremu ya ndani kwenye kila A4: milimita 25 juu na chini, milimita 20 kila upande. Utabaki na eneo la 170 kwa 247. Maneno yote na nyuso zote zikae ndani ya eneo hilo. Duka moja la uchapaji liliwahi kukata kitabu changu vibaya, likala ukingo mzima wa upande wa kushoto, na mstari wa mwisho wa mazungumzo ukaenda nao. Tangu siku hiyo sisogezi neno karibu na ukingo, hata nikiombwa.

Acha mwanya mkubwa kati ya safu za visanduku, milimita 7 hivi, na mdogo kati ya visanduku vya safu moja, milimita 3. Jicho hufuata mwanya mdogo kwanza, kwa hiyo halitapotea njia.

Wino unakwenda kwa mpangilio huu: fremu 0.8, viputo 0.5, nyuso 0.3, nywele na nguo, mandhari 0.1, mwisho weusi wa brashi. Fremu na viputo vikiisha, nyuso zitangulie mkono ukiwa bado na nguvu. Mstari wa 0.05 usiutumie kabisa, ukipunguza hadi A5 unapotea.

Wino ukauke robo saa kabla ya raba. Joto la Pwani lina unyevu, siku za mvua subiri nusu saa.

## Hatua ya 9: Sauti ni tanakali, na tunazo

Manga ya Kijapani imejaa sauti zilizoandikwa kwa mkono. Umeme anaourusha Lum una sauti zake, kimya kina sauti yake. Wachoraji wetu huacha sauti za Kijapani au hutafuta za Kiingereza, na huku tumekalia hazina. Mtu wetu haanguki tu. Huanguka pu ardhini, tapwi kwenye tope, chubwi majini. Kimya ni jii, giza ni totoro, kujaa ni pomoni, kulowa ni chepechepe, kulala ni fofofo. Kila moja inamwambia msomaji kilichotokea na mahali kilipotokea.

Ziandike kwa mkono, herufi zikiwa sehemu ya mchoro. "Pu" iwe nene na imejaa chini kama kitu kilichokwisha kutua. "Jii" iwe nyembamba na iliyotengana. Nuriza akipanda juu ya meza na skrubu zikamwagika, andika "chwaa" kufuata njia ya skrubu zenyewe.

Toni, yaani yale madoa ya kijivu, tumia mahali pachache. Kijivu cha asilimia 10 kwa vivuli vya shingoni, basi. Kivuli cha Nuriza ni weusi mtupu, na ukijaza ukurasa kwa kijivu utakifanya kipotee.

## Hatua ya 10: Skani na jaribio la wasomaji watatu

Skani kwa doti 600 kwa inchi, rangi nyeusi na nyeupe. Kama ni simu, weka karatasi karibu na dirisha asubuhi, simu iwe sambamba kabisa na karatasi, kisha ongeza ukolezi wa weusi kwenye programu hadi karatasi iwe nyeupe pe. Maneno ya viputo yapangwe kwa kompyuta au simu, ukubwa usioshuka chini ya pointi 8 baada ya kupunguza.

Kisha tafuta wasomaji watatu: mmoja anayesoma manga kila siku, mmoja asiyesoma kabisa, na mmoja mtu mzima wa nyumbani. Waulize swali moja tu: "Kwa nini yule binti alikasirika?"

Wakikujibu "kwa sababu ni mkali," rudi hatua ya 1. Wakikujibu "kwa sababu wote waliapa wakamwacha," uko tayari kuchapa.

## Ukurasa wa 16

Nimeulizwa sana kuhusu huu peke yake, kwa sababu wengi wanafika hapa wakiwa wamechoka na kuweka busu.

Usiku. Umeme umekatika mtaa mzima, kwa hiyo kisanduku cha kwanza kijaze weusi totoro, acha nyeupe ya macho yao tu. Nuriza amekaa kwenye kigoda cha wateja. Hana kivuli hata kimoja. Tangu ukurasa wa 13 hajasema neno na Kombo, na uso wake ni ule wa ngazi ya tano, macho hayana nuru.

Kisanduku cha pili, mikono ya Kombo. Anachukua simu ya mteja iliyopona leo, anawasha tochi.

Cha tatu, simu imeegemezwa nyuma ya Nuriza juu ya boksi la skrubu. Mwanga unampiga mgongoni. Kivuli chake kinaanguka mbele, kirefu, na yale mabega yenye ncha, hadi miguuni pa Kombo.

Cha nne, Kombo anavua kandambili. Anaziweka pembeni, sambamba, kama mtu anayeingia kwa watu.

Cha mwisho kinachukua nusu ya ukurasa. Nyayo mbili peku juu ya weusi. Usiandike sauti yoyote. Usichore uso wa Nuriza. Ila juu kabisa ya kisanduku, pale ukingo unapomkata, acha jicho lake moja lionekane nusu, na ndani ya jicho hilo chukua ile rangi nyeupe, ncha ndogo kabisa ya brashi, urudishe nukta ya nuru.